Mstari Haurudiwi

Nilimvunja binti yangu kidole kwa mwiko wa pilau. Naanza na hilo kwa sababu zamani kila nilipolisimulia jambo hili nilianza na baridi, au na uchovu wa kazi, au na babangu, na nilipofika kwenye mwiko msikilizaji alikuwa ameshanihurumia. Sitaki. Ulikuwa mwiko mpana wa mti, tulioutoa Mombasa ndani ya sanduku. Kidole kilikuwa cha kati, mkono wa kulia, na mwenyewe alikuwa na miaka kumi na sita.

Tulikuwa tukikaa ughaibuni, Brooklyn Park, ghorofa ya pili, na mimi nilikuwa mkata nyama kwenye bucha la halali. Kazi hiyo naijua. Nilazie mbuzi mzima mezani, nitamgawa huku nikibishana siasa na mteja, na hakuna mfupa nitakaoupasua pasipo kiungo. Nyumbani walinizoea nikiingia na harufu ya damu, na walijua kusoma hatua zangu kwenye ngazi. Nikipanda polepole, salama. Nikipanda mbilimbili, kila mtu na atafute chumba. Mke wangu alikuwa akisema hasira zangu ni moto wa mabua, huwaka upesi na kuzimika upesi. Hakuongeza kwamba moto huohuo wa mabua ndio huteketeza nyumba za makuti, lakini alijua, maana alikuwa akiishi ndani yake.

Jumamosi asubuhi binti alikwenda madrasa. Ndivyo nilivyojua mimi. Mamake rafiki yake aliwachukua kwa gari na kuwarudisha adhuhuri.

Jumapili moja ya Januari nikawa natafuta sanduku chini ya kitanda chake, nikavuta bunda la karatasi nyembamba kubwakubwa. Kila karatasi ilikuwa na alama moja nyeusi, nene, iliyoandikwa tena na tena kutoka juu hadi chini. Alama ileile kwenye karatasi zote. Sasa, mtu wa kwetu akikuta andishi asilolijua, limeandikwa mara mia na kufichwa chini ya kitanda, hafikirii sanaa. Kwetu maandishi yana nguvu. Nilipokuwa na homa utotoni, nyanya yangu aliniandikishia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi, nikanyweshwa. Tunaita kombe. Na kama yapo maandishi ya kuponya, basi yapo ya kuangamiza. Nikamwita.

"Nini hiki?"

"It's nothing, Baba. Ni calligraphy."

"Kinasema nini?"

"It's just a word."

"Neno gani?"

Laiti angenijibu uongo wowote. Badala yake akasema anafundishwa na mzee mmoja wa Kichina kule Roseville, kwenye ukumbi karibu na ile mall kubwa, kila Jumamosi.

"Jumamosi?"

Kwa hiyo miezi minne ya madrasa ilikuwa hadithi.

Kutoka chumbani kwake hadi jikoni ni hatua tisa. Nimezipima baadaye. Nilikuwa na hatua tisa za kwenda na tisa za kurudi kujizuia, na sikujizuia. Mke wangu alikuwa ameshika mwiko. Niliung'oa mkononi mwake ukiwa na wali. Nikarudi chumbani nikasema, "Toa mkono," sauti ileile ya mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa akizunguka nyuma yetu na bakora na kumshukia mtu mgongoni kabla hajajua amekosa herufi gani. Binti akautoa. Nilipiga mara tatu. Ya tatu ilitoa mlio ambao mkata nyama haukosei.

Hakulia. Mimi nilikuwa na methali yangu tayari mdomoni, mchelea mwana kulia hulia yeye, na mwana hakulia. Alikitazama kidole kama kitu alichokiokota njiani.

Tuna neno la jambo hili. Kumrudi mtoto. Humpigi, unamrudi, mtoto amepotea njia, na fimbo inamrudisha. Nilimwambia hivyohivyo daktari aliyemfunga kidole, kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza halikusimama. Jioni ileile watu wa kaunti wanaolinda watoto walikuja na karatasi zao. Binti akachukuliwa na mama mdogo wake, ndugu wa mke wangu, anayekaa Blaine. Mimi nikapangiwa darasa la hasira, ambako tulikaa kwenye viti vya duara tukapumua. Kufika mwisho wa mwezi wakaniambia sheria hainizuii tena kumwona. Yeye ndiye hataki.

Mke wangu hakunifukuza. Kila siku alitoka kazini akaendesha gari hadi Blaine, akarudi amechoka, akapika chakula cha mtu mmoja. Nilipomuuliza binti amesema nini, alinijibu, "Hajasema kitu. Wewe wataka aseme nini? Hata kalamu hawezi kushika."

Mwenye hasira akiaibika hutafuta wa kumbebesha. Nilimpata: yule Mchina. Jumamosi iliyofuata nilivua glavu katikati ya kazi, nikaondoka na aproni yangu ya damu, nikaendesha hadi Roseville nikiwa nimeshapanga nitakavyoipindua meza yake.

Ndani kulikuwa na meza ndefu kadhaa na wanafunzi kama kumi, wengi watoto, na mama wawili watatu wa makamo. Mwalimu alikuwa mzee mfupi mwenye sweta la kijivu na meno ya bandia yaliyolegea, yakigongana kila akisema. Nikamsimamia kichwani. "Wewe ndiye unayewafundisha watoto wa watu uongo?"

Akaitazama aproni. Akanitazama usoni. "Wewe ndiye baba wa kidole," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Akanisukumia jiwe jeusi lenye kishimo na kijiti cheusi, akatia matone ya maji. "Saga," akasema. "Mimi nina wanafunzi. Ukimaliza kusaga, tupigane."

Sijui kwa nini nilisaga. Nadhani ni kwa kuwa mikono yangu ilitaka kazi, na kazi iliyokuwapo ilikuwa hiyo. Kijiti kilizunguka kwenye jiwe, maji yakawa meusi, yakawa mazito, yakawa wino. Nikauliza kijiti kimetengenezwa kwa kitu gani. Masizi, akasema, na gundi ya ngozi iliyochemshwa.

"Ngozi ya mnyama gani?"

"Ng'ombe."

"Una hakika si nguruwe?"

Watoto wakacheka. Mzee akasema yeye alikuwa mpishi wa mkahawa miaka arobaini, na kama ni nguruwe angemjua hata akija amevaa suti. Nikacheka. Ghadhabu nayo haikuondoka. Ilikaa kando, ikinisubiri.

Kisha akaandika. Alisimama, kiwiko juu, bila kuegemea popote, brashi imesimama wima kama msumari. Akaitua. Nilitegemea apake, kama mtu anayepaka rangi. Alikata. Brashi ilizama, ikageuka, ikavutwa kwa nguvu hadi wino ukachanika na weupe wa karatasi ukaonekana katikati ya weusi, kama mfupa unavyoonekana nyama ikichanwa kwa kisu kikali. Mstari mmoja tu, na nywele za shingo zilinisimama. Nimeona visu maisha yangu yote. Sijaona mkono ulioingia kwa nguvu kiasi kile ukatoka bila kuharibu kitu.

Ilikuwa alama ileile ya chini ya kitanda. Nikamuuliza inasema nini.

"Kuvumilia," akasema. Akanionyesha kwa ncha ya kidole. Juu ni kisu, na ile nukta iko kwenye makali yake. Chini ni moyo. Kisu kimekaa juu ya moyo, na moyo haukimbii.

"Niliwaambia kila mmoja achague neno lake la mwaka mzima," akasema. "Wakachagua bahati, joka, theluji. Wako akachagua hili. Nikamuuliza, mbona zito hivi? Akasema, kwetu kuna mkata nyama."

Nilikaa. Bunda zima lile la karatasi, kila kisu na kila moyo, lilikuwa mimi.

Nikamwomba anifundishe neno hilohilo. Sikuona njia nyingine ya kuomba radhi kwa mtu asiyetaka kuniona. Alinikubali kwa sharti nije bila aproni.

Nikawa nakwenda kila Jumamosi. Aliponipa brashi ya kwanza niliipapasa nikaileta puani. "Mbuzi," nikasema. "Manyoya ya chini ya shingo." Mzee akanitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza. Na aliponiambia kwamba mstari mzuri lazima uwe na mfupa, mshipa, nyama na damu, nilidhani anaitania kazi yangu. Kumbe ndivyo waandishi wa kwao walivyosema tangu zamani. Nikajifunza kuona. Huu una nyama bila mfupa, umelegea kama utumbo kwenye sinia. Huu ni mfupa mtupu, mkavu, una njaa. Nilikaa mbele ya neno moja la mzee robo saa, nikiliangalia linavyoegemea huku na halianguki, na nikajisikia uchungu kwamba nimefika umri ule bila kujua kuna uzuri wa namna hiyo duniani, na kwamba mwanangu aliujua akanificha.

Yangu yalikuwa machinjio. Mistari saba tu, na yote saba nilipigana nayo. Karatasi ile ni nyembamba, ukikaza, inatoboka, ukisitasita, wino unavuja unakuwa doa. Siku moja moyo ulinitoka mwembamba upande mmoja, nikapitisha brashi mara ya pili kuunenepesha. Mzee aliinyakua karatasi akaichana vipande viwili mbele ya watoto.

"Huwezi kurudia," akasema. "Umekosea, umekosea. Uandike mwingine. Huo uache ulivyo."

Mstari haurudiwi. Niliendesha gari kurejea kazini nikilitafuna neno hilo kwa Kiswahili, maana kwa Kiswahili ndiko linakouma. Mimi nilimrudi mwanangu. Nilirudia, mara tatu. Naye harudi.

Wanafunzi waliofanya vizuri mzee aliwazungushia mstari duara la wino mwekundu. Watoto walihesabiana maduara yao kama peremende. Mimi Jumamosi nne sikupata hata moja. Lakini ya nne, tulipokuwa tukiosha brashi, mzee alinitolea habari. Binti anafunguliwa kidole baada ya siku chache. Atarudi darasani Jumamosi ya sita. Ameambiwa kwamba mimi huja, naye amesema naweza kuwapo chumbani, mradi nikae meza ya mwisho na nisimsemeshe.

Nilikwenda hadi kwenye gari, nikafunga mlango, nikalia kwa sauti. Meza ya mwisho! Ningekaa hata nje ya dirisha.

Jumamosi ya tano nilikuwa mtu mwingine. Mkono ulikuwa mwepesi. Nikaandika safu nzima, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Visu vikasimama, mioyo ikalala chini yake. Nilizama humo, nikasahau chumba. Ndipo mtu akaishika brashi yangu kutoka nyuma na kuivuta juu kwa nguvu.

Ni desturi yao. Mwalimu humnyemelea mwanafunzi aone kama ameishika brashi sawasawa, kwa maana aliyeishika kwa moyo wote haichopoki. Watoto wote walijua, walikuwa wakijizuia kucheka. Mimi hakuna aliyeniambia. Mimi mtu wa nyuma yangu nilimjua mmoja tu, yule wa bakora.

Kiwiko changu kilimpata mdomoni kabla sijageuka. Hicho naweza kukitetea mbele ya kadhi yeyote. Lakini niligeuka. Nikaona sweta la kijivu, nikaona ni nani, nikaona mikono yake imeinuliwa kujikinga, na nikampiga ngumi. Ile ya pili nilimpiga nikimjua.

Aliangukia meza. Meno yake ya juu yalitoka yakatumbukia kwenye jiwe la wino. Damu ilirukia karatasi yangu, juu ya safu ya nne, na brashi ilikuwa imechora mkia mrefu mweusi kutoka kwenye moyo wa mwisho hadi ukingoni. Watoto walipiga ukelele. Mama mmoja akatoa simu. Mzee akamkataza kwa mkono, akainuka, akayavua meno kwenye wino, akayapangusa kwa sweta. Kinywa kilikuwa chekundu na cheusi. Hakuwa na hekima yoyote ya kunipa. Alinitukana kwa Kichina, kwa kirefu, kisha akasema kwa Kiingereza, "Out. Don't come back."

Nikatoka bila koti. Barabara nzima hadi nyumbani nilikuwa nikiupiga usukani kwa kiganja. Nilimwambia mke wangu kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni, chumvi ya barabarani, wanayomwagia barafu, ikiyeyuka kwenye viatu vyangu. Alisikiliza, akakunja khanga aliyokuwa akiikunja.

"Mwalimu wake," akasema. "Mtu mmoja aliyekuwa akimfurahisha mwanangu. Wewe ni maradhi gani?"

Jumamosi ya sita binti alikwenda Roseville. Mimi nilikwenda kazini, na kila mbuzi niliyemkata siku hiyo nilimwonea manyoya ya shingo, yale ya brashi. Alasiri mke wangu alirudi kutoka Blaine na karatasi iliyoviringishwa. "Amesema nikupe."

Ilikuwa karatasi yangu, ile ya damu. Mzee hakuitupa, alimpa mwanafunzi wake. Damu ilikuwa imekauka ikawa kahawia. Na kwenye safu ya nne, kati ya maneno yote, kulikuwa na duara moja la wino mwekundu, duara langu la kwanza. Halikuzunguka kisu, lilizunguka moyo mmoja. Mkono wa binti yangu ulilichora. Niliujua kwa sababu duara lilitetemeka, kidole kilikuwa bado kigumu.

Ukingoni, chini ya ule mkia mrefu, aliandika kwa brashi, kwa herufi zetu. Mtoto huyu hajawahi kuniandikia Kiswahili maishani. Anakisikia, hujibu kwa Kiingereza.

"Usirudi," mke wangu akasoma.

"Hapana. Kuna e. Usirudie."

"Iko wapi hiyo e? Hilo ni tone."

Tukaipeleka dirishani. Baada ya i kulikuwa na kitu kidogo, cheusi, kimevuja. Kingeweza kuwa herufi. Kingeweza kuwa brashi imetua kupumzika kwenye mkono unaouma. Ni herufi moja tu, na ndiyo inayotenganisha nisifanye tena na nisije tena. Nilichukua kalamu kutoka kwenye mfuko wa shati. Nilitaka tu kuikaza kidogo hiyo e, isomeke. Ncha ikafika juu ya karatasi, nikakumbuka, nikairudisha kalamu mfukoni.

Basi nikaendesha hadi Blaine. Shemeji alinifungulia, akaniangalia juu na chini, akaniacha hapohapo kwenye kizingiti, akaenda kumwita. Binti alikuja amevaa soksi tu. Alikuwa amenyoa nywele za pembeni. Kidole kilikuwa kimepinda kidogo, kwenye kiungo cha juu, na kitabaki hivyo.

Nikaikunjua karatasi. "Mwanangu, sikuja kukusumbua. Hapa umeandika usirudi au usirudie?"

Akainama akatazama. "What's the difference?"

"Moja ni kwamba nisije tena. Nyingine ni kwamba nisifanye tena."

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama alivyokuwa akifikiri mezani akiwa mdogo, mdomo umebanwa upande mmoja. Nilihesabu mistari saba moyoni. Kisha akaniangalia moja kwa moja, na akanijibu kwa Kiswahili.

"Zote mbili."

Akaufunga mlango. Hakuubamiza, aliusukuma polepole hadi kitasa kikalia.

Mimi sijawahi kuuacha mlango uliofungwa mbele yangu. Nimevunja bawaba mbili kwenye ndoa yangu. Mkono ulinyanyuka wenyewe, ngumi tayari, ukafika karibu na mbao. Nikausikia moyo wangu chini yake. Nikaushusha mkono, nikaviringisha karatasi isipate theluji, nikarudi kwenye gari. Sikubisha tena.